Lugha katika Ubunifu wa Michezo ya Vyombo Vingi: Hoja kutoka Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Utangulizi

Miongoni mwa nyanja ambazo wanaisimu wa Kiswahili wamezipa kisogo ni lugha ya michezo. Fasihi simulizi imevichunguza vitendawili na nyimbo za watoto. Isimujamii imeichunguza lugha ya mitaani, ya magazeti na ya matangazo ya biashara. Lakini maneno yanayosemwa na watu wawili walioketi mbele ya ubao wa bao, pamoja na ya wale kumi waliowazunguka, aghalabu yameachwa yapeperuke na upepo. Upungufu huo haukuwa na madhara makubwa wakati ambapo mjomba alimfundisha mpwa wake kwa kumketisha kando na kumwambia atazame. Sasa hali imebadilika. Michezo inabuniwa ili ichezwe kwa njia kadhaa kwa pamoja: sehemu yake moja katika runinga, nyingine katika simu, nyingine katika karatasi, na nyingine uwanjani. Anayebuni mchezo wa namna hiyo hana budi kuamua ni kitu gani kitakachoufanya ubaki kuwa mchezo uleule unapotoka katika chombo kimoja na kuingia katika kingine. Makala haya yanashikilia kuwa kitu hicho ni lugha, na kwamba lugha hiyo huletwa mwisho, kama rangi inayopakwa baada ya nyumba kwisha kujengwa, ilhali mahali pake ni katika msingi.

Mfano utakaotumika ni wa Kyela, wilaya iliyo kati ya milima ya Livingstone na Mto Songwe, mpakani mwa Tanzania na Malawi. Kyela haikuchaguliwa kwa sababu ya wingi wa wabunifu wa programu. Imechaguliwa kwa sababu inaliweka swali lenyewe wazi kuliko Dar es Salaam inavyoweza. Mtoto wa Ipinda au Matema huzungumza Kinyakyusa nyumbani, husoma kwa Kiswahili shuleni, kisha hukutana na Kiingereza katika kioo cha simu. Ng'ambo ya Songwe wapo Wangonde, ambao lugha yao na Kinyakyusa ni kama ndugu wa tumbo moja, lakini wao hukopa maneno kutoka Kichewa, Kitumbuka na Kiingereza cha Malawi. Kusini mashariki, chini ya milima, wapo Wakisi wa Ikombe, ambao wanawake wao hufinyanga vyungu na kuvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo, Matema. Mchezo utakaochezeka pwani yote hii utakuwa umepita mtihani mgumu.

Bao na maneno yake

Wapo wanaodhani kuwa mchezo wa vyombo vingi ni uzushi wa zama za intaneti. Bao linawasuta. Ubao wake una mashimo 32 katika safu nne za mashimo manane, na kete zake ni 64. Hayo ndiyo yaliyo ya lazima. Mengine yote hubadilika. Ubao huweza kuwa wa mti uliochongwa kwa ustadi na kurithiwa, na huweza kuwa ardhi tupu. Kete huweza kuwa komwe, kokoto au mbegu yoyote ngumu. Katika mchanga wa Matema mashimo 32 huchimbika kwa muda mfupi kuliko unaohitajika kubishana nani aanze. Kyela mjini wakati wa masika jambo hilo halifai hata kidogo, kwani mvua za wilaya hii huzidi milimita 2,000 kwa mwaka, na shimo lililochimbwa asubuhi huwa dimbwi saa sita; hapo ubao wa mti ndio unaotawala. Mchezaji hutoka katika chombo hiki na kuingia katika kile bila kuhisi kwamba amebadilisha mchezo.

Ni nini kinachomvusha? Hesabu ya kete ni sehemu ya jibu. Sehemu kubwa zaidi ni maneno. Mchezo wa bao la Kiswahili huanza kwa hatua ya kunamua, ambapo kila mchezaji ana kete 6 katika shimo liitwalo nyumba, kete 2 katika kila shimo kati ya mawili yaliyo kuliani mwa nyumba, na kete 22 mkononi, ambazo huziingiza ubaoni mojamoja. Kete za mkononi zikiisha, huingia hatua ya mtaji. Mchezaji hula kete za mwenzake. Asipoweza kula, hutakata. Shimo la mwisho wa safu ya mbele ni kichwa, na pamoja na la jirani yake huitwa kimbi. Kete ya mwisho ikiangukia katika shimo tupu, mchezaji hulala. Akiamua kuivunja nyumba yake na kuendelea mbele, husemwa kuwa amekwenda safari.

Maneno hayo yatazamwe kwa jicho la semantiki. Nyumba, mtaji, kula, kulala, safari: msamiati huu haukuokotwa ovyo ovyo. Ni maisha ya kaya nzima, na sitiari hizo hufanya kazi ya kanuni. Anayejifunza haelezwi kwa sentensi tatu kwamba zamu yake imekoma kwa sababu kete ya mwisho imekuta shimo tupu. Huambiwa "umelala," naye huondoa mkono. Hali kadhalika nyumba. Ina haki zake maadamu ina kete 6 au zaidi, na mtu yeyote aliyekulia katika jamii za Afrika Mashariki hashangai kusikia kuwa nyumba yenye watu ina haki ambazo gofu halina. Sitiari imebeba nusu ya sheria. Ikiondolewa, sheria hiyo itabidi iandikwe upya kwa maelezo marefu ambayo hakuna atakayeyasoma.

Programu kadhaa za bao zimekwisha kutungwa kwa ajili ya kompyuta na simu. Istilahi za Kiingereza zinazotumika kwa michezo ya jamii hii yote duniani ni za mkulima na askari: kete huitwa mbegu, kuzigawa mashimoni huitwa kupanda, na kuzichukua za mwenzako huitwa kuteka. Mfasiri anayetoka katika istilahi hizo kuja katika Kiswahili, akiwa na kamusi mkononi lakini hajawahi kuketi kijiweni, atapata shamba na vita badala ya kaya. Tafsiri yake itakuwa sahihi neno kwa neno, na mzee wa bao hataitambua. Basi lugha ikiachwa hadi mwisho wa kazi, tayari vitufe vimepangwa, picha zimechorwa, na mbegu zinachipua katika kioo. Hapo tena hakuna nafasi ya nyumba wala mtaji.

Historia ya Kiswahili ina ushahidi wa kutosha kwamba mchezo husafiri kwa maneno. Karata zilipoingizwa na Wareno, zilikuja na majina yao, na Kiswahili kikayapokea na kuyafinyanga kwa kanuni zake cha fonolojia: shupaza, kopa, uru na pao ni Kireno kilichovalishwa kanzu. Karata zenyewe leo huchapwa mahali pengine kabisa, zikiwa na herufi za Kiingereza pembeni, lakini mchezaji husema turufu na hajui wala hajali kwamba anasema neno la kigeni. Neno bao nalo limesafiri. Lilianza kuwa ubao mkubwa, likawa jina la mchezo, kisha watangazaji wa kandanda wakalitwaa kumaanisha goli. Leo timu hufungwa mabao matatu katika uwanja usio na ubao wala kete. Hata vizibo vya soda vinavyotumika katika drafti, vingine vikifudikizwa na vingine vikilazwa chali ili kutenganisha pande mbili, huitwa kete. Chombo kimekufa mara nyingi. Neno limebaki na kutafuta chombo kingine.

Watazamaji na dhana ya ukwangala

Hapa yafaa kusimama kwa muda mrefu kidogo, kwani ndipo penye jambo ambalo wabunifu wengi hawalioni. Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na kitabu cha Monica Wilson kilichochapishwa mwaka 1951, Good Company, kilipata jina lake kutokana na neno la Kinyakyusa, ukwangala. Alilieleza neno hilo kuwa ni raha ya kuwa katika kundi jema: kula na kunywa pamoja, mazungumzo ya uchangamfu, na mjadala baina ya watu walio sawa. Alionyesha pia kwamba Wanyakyusa waliyahesabu mazungumzo hayo kuwa namna kuu ya elimu. Wakati huo wavulana waliofikia umri wa miaka kumi hivi waliondoka kulala kwa wazazi wao na kujenga kijiji chao wenyewe, wakawa wanakwenda kula kwa makundi katika nyumba za mama zao kwa zamu. Vijiji vya rika vya namna hiyo havipo tena. Lakini mtu anayepita katika vijiwe vya Kyela, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, ataona kuwa mchezo wa bao au drafti haukosi duara la watu wasiocheza.

Watu hao si pambo. Wao ndio wenye sauti kubwa zaidi. Hushauri, hukejeli, hukumbusha mchezo wa juzi, humwambia anayefikiri sana kuwa jua linazama. Kwa istilahi ya isimu, mchezo una matini mbili: ile ya hatua zinazochezwa, na ile ya maneno yanayozizunguka. Matini ya pili ndiyo inayomfundisha mtoto aliyesimama nyuma. Yeye hajagusa kete hata moja, lakini amekwisha kujua kutakata ni nini, lini mtu huambiwa amelala, na kwa nini watu hucheka mtu anapokwenda safari mapema mno.

Programu ya simu huiua matini hiyo ya pili. Huweka mchezaji mmoja mbele ya kioo kimoja, na mara nyingi mpinzani wake ni mashine isiyojua kejeli. Alex de Voogt, aliyewatafiti mabingwa wa bao wa Zanzibar na kutoa tasnifu yake Leiden mwaka 1995, aliushughulikia uwezo wa akili wa mabingwa wa kukokotoa mizunguko mirefu ya kete bila kuigusa. Hesabu ya namna hiyo kompyuta huifanya kufumba na kufumbua, na kwa sababu hiyo watu hudhani kuwa kompyuta imeumaliza mchezo. Imemaliza hesabu tu. Duara la watazamaji halikuingia katika programu kwa sababu aliyeitunga hakuliona kuwa sehemu ya mchezo, na hakuliona kwa sababu hakuna mwanaisimu aliyemwonyesha.

Pingamizi moja lazima lijibiwe. Husemwa kuwa kijana wa leo hataki duara la wazee. Anataka kioo chake na spika za masikioni. Pengine ni kweli kwa kijana mwenye simu janja yake peke yake na fedha ya kununulia bando. Katika kaya nyingi za Kyela simu hutumiwa na zaidi ya mtu mmoja, na nyingi ni za batani. Simu moja ikitazamwa na watu watano ni kijiwe. Mbunifu anayehesabu simu huhesabu mchezaji mmoja; anayesikiliza maneno yanayosemwa juu ya simu hiyo huhesabu watano.

Runinga, simu na barua fupi

Mifano ya vyombo kuunganishwa kwa lugha ya Kiswahili ipo, na si ya kubeza. Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kuonyeshwa na TBC1 Januari 2014, kilimwuliza mtoto maswali ya hisabati na sayansi katika runinga, naye akajibu kwa ujumbe mfupi kwa simu ya kawaida na kupata mrejesho kutoka kwa wahusika wa katuni. Ubora wa mpango huo ulikuwa katika kutambua kwamba mtoto wa Tanzania hana kompyuta, ila yuko karibu na runinga ya jirani na simu ya mzazi. Kipindi hicho kilibuniwa kwa Kiswahili tangu mwanzo; hakikutafsiriwa kuja katika Kiswahili. Nchini Kenya, Shujaaz ilianza mwaka 2010 kama jarida la picha lililosambazwa ndani ya gazeti na katika vibanda vya M-Pesa, likiunganishwa na vipindi vya redio na ujumbe wa simu, na lugha yake ni Sheng. Si mchezo kwa maana kamili ya neno, lakini msomaji alitoka katika karatasi akaingia redioni akamkuta mhusika yuleyule, kwa sababu alimtambua kwa usemi wake. Mtetezi wa Kiswahili sanifu anaweza kununa; hata hivyo, itabidi akiri kuwa usemi ndio uliokuwa uzi.

Ulimwengu mpana una mifano ya kifahari zaidi. Mwaka 2004 nchini Marekani mchezo ulioitwa I Love Bees uliwafanya wachezaji waende kwenye simu za kulipia za barabarani kwa saa na mahali palipotajwa katika tovuti. Simu ilipolia na kujibiwa, kipande cha mchezo wa redio kilifunguliwa kwa wote. Mwaka uliofuata London ilianza Perplex City, iliyochanganya kadi za kununuliwa, tovuti na simu, hadi mchezaji mmoja alipoufukua mchemraba uliofichwa katika msitu wa Uingereza mwaka 2007 na kupata zawadi ya pauni 100,000. Michezo hiyo hutajwa sana katika maandishi ya nadharia. Kwa Kyela ina funzo moja tu lenye manufaa: mahali halisi, kama kibanda cha simu au mti, panaweza kuwa chombo cha mchezo sawa na kioo. Mengine yalitegemea umeme usiokatika na fedha ya kutosha, na hayana haja ya kuigwa.

Kuhusu vishikwambi, lipo jaribio kubwa lililofanyika katika Mkoa wa Tanga kati ya mwaka 2017 na 2019, ambapo watoto karibu 3,000 wa vijiji vipatavyo 170 walipewa vishikwambi vyenye programu za kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Programu mbili, Kitkit School na onebillion, ziligawana zawadi kuu Mei 2019. Jaribio lilithibitisha kuwa mtoto hujifunza mengi kwa michezo ya kioo. Lakini chombo kilikuwa kimoja, na watoto ndio waliojiundia duara, wakakaa wawili watatu kwa kishikwambi kimoja, kama watoto wafanyavyo popote.

Yapo masuala ya kiufundi ambayo ni ya kiisimu kabisa, ingawa yameachiwa mafundi. Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya alama 160, maadamu herufi zote zimo katika orodha ya msingi ya simu. Kiswahili sanifu kina irabu tano na huandikwa bila shida kwa herufi hizo. Sentensi kama "Mwenzako amelala. Zamu yako: chagua shimo 1 hadi 8, kisha kulia au kushoto." ina alama 75 pamoja na nafasi, na inaingia kwa raha. Kinyakyusa kina irabu saba. Anayetaka kuzitofautisha katika maandishi huandika ɨ na ʉ, na herufi hizo hazimo katika orodha ya msingi. Herufi moja tu ya namna hiyo ikiingia, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo, na nafasi hushuka kutoka alama 160 hadi 70. Sentensi yenye urefu sawa na ile ya juu itakatwa vipande viwili, na mtumaji atatozwa mara mbili. Kwa maneno mengine, othografia sahihi ya lugha ya nyumbani hugharimu mara mbili ya Kiswahili. Mchezaji atafanya nini? Ataziacha irabu mbili, na ataandika kama Mswahili aandikavyo. Mabadiliko ya lugha kwa sababu ya bei ya ujumbe si dhana ya kufikirika. Yanatokea kila siku katika simu za Kyela, na tasnifu za uzamili zinaendelea kuandikwa kuhusu ngeli.

Suluhisho lililo jepesi ni sauti. Redio husema irabu saba bila malipo ya ziada. Mchezo uliopangwa vizuri ungeweka hatua katika ujumbe wa Kiswahili, kwa kuwa hatua ya bao ni shimo na mwelekeo tu, na ungeacha kejeli, ushauri na utani viende kwa sauti, kwa Kinyakyusa, Kindali, Kikisi au chochote, redioni au kijiweni. Kila chombo kingepewa lugha inayokifaa. Mpango kama huo hauwezi kutungwa na mtu anayedhani kuwa lugha ni orodha ya maneno ya kuwekwa juu ya vitufe.

Suala la istilahi

Mchezo wa namna hii uitwe nini kwa Kiswahili? Neno mchezo lenyewe lina mzigo. Ni michezo ya uwanjani, ni mchezo wa kuigiza, na ni pia ule mzunguko wa fedha ambao wanawake wa sokoni huucheza kwa kuchangiana kila wiki. Vijana wamekwisha kutenga: kilicho katika kioo ni gemu, kilicho nje ya kioo ni mchezo. Baadhi ya watetezi wa lugha wameliona neno gemu kuwa uvivu. Maoni hayo hayana uzito. Gemu limefuata fonolojia ya Kiswahili, limejiingiza katika ngeli bila kusukumwa, na limeleta tofauti ya maana ambayo haikuwapo. Lakini kwa sababu hiyohiyo halifai kuitwa "gemu ya vyombo vingi," kwani gemu limefungwa katika kioo. Kinachovuka kutoka kioo kwenda mchangani ni mchezo.

Vilevile pana haja ya kutofautisha chombo na kifaa. Redio kama njia ya mawasiliano ni chombo, kwa mfano wa vyombo vya habari. Kisanduku chenye betri ni kifaa. Simu moja ni kifaa kimoja, lakini hubeba vyombo kadhaa: sauti, ujumbe, picha, redio. Neno chombo lina faida nyingine kwa watu wa ziwani, kwani ni pia kinachoelea na kinachobeba. Chungu cha Ikombe ni chombo kilichopakiwa ndani ya chombo. Istilahi "mchezo wa vyombo vingi" basi inajitosheleza.

Ama kuhusu nani aidhinishe, Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, lina wajibu wake, na hapana sababu ya kuudharau. Hata hivyo, uzoefu unaonyesha kuwa istilahi hushinda inapofika pamoja na kitu. Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili zilizotokana na kazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, ilikuwa na istilahi zilizofikiriwa kwa makini, lakini wenye kompyuta walikuwa wamekwisha kuzoea Kiingereza. Neno kishikwambi lilichekwa sana lilipotolewa. Ikaja sensa ya Agosti 2022, makarani wakagawiwa kifaa chenyewe, redio zikalitaja jina kila siku, na vifaa vilipopewa walimu baadaye hakuna aliyecheka tena. Katika fedha za simu watu hawakungoja baraza lolote: salio likapata maana mpya, na usemi wa "tuma na ya kutolea" ukaenea nchi nzima bila mtunzi. Yafaa basi kanuni za mchezo ziandikwe kwa istilahi moja sanifu, ili mtu wa Kyela na wa Pemba wasibishane juu ya kimbi. Lakini maneno ya duara yaachwe huru kabisa, na programu isijaribu kuyasahihisha.

Yanayopaswa kufanywa

Idara za Kiswahili hazina haja ya kungoja mradi mkubwa. Kinachotakiwa kwanza ni kurekodi mazungumzo ya mchezo, mchezo mzima tangu kunamua hadi mwisho, kwa ruhusa ya wachezaji, Kyela mjini, Ipinda, Matema na Kasumulu, na kuyanukuu pamoja na maneno ya watazamaji. Ng'ambo ya mpaka mchezo huitwa bawo, na Karonga ilikuwa na wafanyabiashara Waswahili chini ya Mlozi katika miaka ya 1880. Ulinganisho wa msamiati wa pande mbili za Songwe ni mada ya uzamili iliyo tayari, inayongoja mwanafunzi mwenye baiskeli. Matini hizo zikipatikana, ndizo zipelekwe kwa mtunga programu, kabla hajachora kitufe hata kimoja. Yeye ajengee juu ya maneno hayo. Asipewe kazi ya kuyatafuta, na mwanaisimu asiitwe mwishoni kufuta makosa ya tahajia.

Liko jambo moja ambalo mtunga mchezo wa mwambao huu atalazimika kuliamua mapema. Ujumbe unaotoka Kasumulu kwenda kwa mchezaji aliye ng'ambo ya mto hutozwa kama ujumbe wa nchi za nje, ingawa wawili hao wangeweza kuitana kwa sauti kutoka kingo mbili za Songwe na kuelewana. Mpango wa busara ungezipeleka kwa simu hatua zinazochezwa ndani ya nchi, na kuziweka zile za kuvuka mpaka siku ya soko, mchangani, kwa mashimo 32 na kokoto, mbele ya watu.